Chupa ya Mwanakombo

Siku hizi bomba la mtaa humtambua mtu kwa mate yaliyobaki kwenye mdomo wa chupa yake, kisha humsalimia kwa jina; mate yakioshwa, na jina hulisahau. Ndiyo maana tangu nimzike mke wangu nilikuwa nikiteka maji kwa chupa yake, bila kuiosha wala kuitia mdomoni; maji nikiyanywa kwa kikombe. Kila asubuhi bomba lilisema, "Karibu, Mwanakombo," nami, mwanaume mzima, nikaitika, "Abee."

Chupa iliota utelezi wa kijani ndani. Tumbo likanikata, nikanyamaza. Jana mkamwana wangu Hidaya alinikuta natapika. Akaichukua chupa, akaitia maji ya moto na siki, akaisugua kwa brashi mpaka ndani ya kifuniko, akaianika juani kichwa chini.

"Nisamehe, baba," alisema huku analia. "Mama tumeshamzika. Sitaki tukuzike na wewe."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Leo nimeikinga bombani, safi, inanuka siki.

"Karibu, mgeni. Taja jina lako."

"Mwanakombo," nikasema.

Bomba likajibu kwa upole uleule wa kila siku:

"Huyo simjui."