Umeme wa Timu

Nyumba ya Paskalina haikuwa ikilipia umeme tangu chuo kikuu kimchukue bintiye, Veneranda, akimbie katika timu yake ya riadha. Wafadhili wa timu walilipa, na nani angekataa? Sharti lilikuwa moja, Mbulu nzima walilijua: nyumbani kwa mwanariadha, timu haisemwi vibaya. Kuta zilisikia. Ukiteleza ulimi, umeme unakatika mpaka usifu.

Likizo ya Pasaka Veneranda alirudi amekonda. Alikaa jikoni na mama yake wakichambua mchicha, huku chumbani ikivuma mashine iliyomsaidia baba yake kupumua.

"Mama, chuoni sirudi."

"Goti tena?"

"Goti ni zima. Tatizo ni kocha. Akituita ofisini kutukanda misuli, anafunga..."

Taa ikazimika. Mashine ikanyamaza, na baba akaanza kukoroma akitafuta pumzi.

"Kocha wetu ni mzazi!" Paskalina aliupigia ukuta kelele. "Mungu ampe maisha marefu!"

Taa ikawaka. Mashine ikavuma.

"Anafunga mlango, mama, halafu..."

Paskalina alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja kilicholowa maji ya mchicha. Alitarajia afurukute, maana tangu utotoni Veneranda hakuwa mtu wa kushikwa akatulia. Hakufurukuta. Alifumba macho, akalegea, akangoja yaishe, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Paskalina akaelewa lililobaki bila kuambiwa. Chumbani mashine ilivuma vizuri tu, na mkono wake ulikuwa bado pale pale, mdomoni mwa mwanawe.