Kufuli ya Grete

Kila mwanafunzi wa lugha anayepelekwa ng'ambo hufungwa kufuli nyuma ya sikio. Lugha ya kwao haimtoki wala haimwingii, mpaka mwenyeji wake aiguse kufuli hiyo kwa kidole gumba. Grete, Mjerumani, alikuwa amekaa kwangu Tanga miezi tisa. Alishajua hata kukataa chai bila kuniudhi.

Jumatatu asubuhi simu ililia. Nesi aliyejua Kiswahili kidogo alitueleza kwamba baba yake Grete anakaribia kupasuliwa moyo, na anataka kuzungumza na mwanawe kwanza.

"Bi Mwantumu, nifungulie," alisema Grete.

"Nikikufungulia leo unaanza mwaka upya, na imebaki miezi mitatu tu. Mpe nesi salamu azifikishe."

"Salamu?" Aliweka simu mezani taratibu. "Una roho ya korosho wewe. Hata paka wako anakaa hapa kwa sababu mlango umefungwa."

Nilivuta daftari la tathmini nikaandika: ugomvi, amefaulu. Alisoma nilichoandika. Kisha alikusanya nywele zake, akaniinamishia sikio, akasubiri. Nikaweka kidole.

Akaichukua simu, akaanza kusema na baba yake. Miezi tisa nilikuwa nimesahihisha kila neno lake, na sasa sikuambulia hata moja. Sauti yenyewe ilikuwa nzito, ya mtu mzima nisiyemjua. Hakulia. Alizungumza akinitazama usoni bila kupepesa, na mara tatu nilisikia jina langu.