Mashine Haiombi Ruhusa

Asubuhi ya kwanza bila Adventina, Egbert aliisalimia mashine. "Habari za asubuhi, Mtaalamu," aliandika kwenye simu, akatabasamu peke yake. Mfagizi wa ofisi alikuwa amesimama mlangoni na shikamoo yake, na kama kawaida hakuitikiwa.

Egbert alikuwa mkurugenzi wa ofisi ya vyumba viwili pale Kayanga, na kwa jinsi alivyotembea ungedhani amekabidhiwa mkoa mzima. Alikuwa na programu ya simu ya kupokelea kahawa: mkulima akipima mzigo wake ghalani, kilo zinaingia kwenye simu. Kazi ya Adventina ilikuwa kupanga kurasa zake, ili hata mtu aliyeishia darasa la nne ajue abonyeze wapi bila kuuliza.

Kisha Egbert akaenda semina Mwanza. Alirudi na begi la bure na imani mpya, kwamba akili bandia imeshamaliza kazi za kina Adventina. Siku Adventina alipoomba asubuhi moja aende hospitali, alimjibu, "Mashine haiombi ruhusa." Kazi ya mwisho aliyompa ilikuwa kumtafutia mashine ya kukaa kwenye kiti chake. Huo ndio uliokuwa utu wa Egbert. Adventina aliitafuta, akaiunganisha kwenye simu ya bosi wake kwa malipo ya kila mwezi, akarudisha funguo, akaenda kwao Kaisho.

Na kazi ilikuwepo. Mzee Byarugaba, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa amesema waziwazi: "Kahawa ikianza kuvunwa na watu bado wanahangaika na programu yako, mkataba hatusaini." Egbert hakuwa na mteja mwingine. Mkataba ukikosekana, ofisi inafungwa.

"Tatizo ni nini?" aliiuliza mashine.

"Ukurasa wa kwanza, Mkurugenzi. Ondoa picha yako na hotuba yako. Mkulima hakuja kukutazama wewe."

Adventina alikwisha kumwambia hivyo mara nyingi, akaitwa mjeuri. Sasa Egbert alitikisa kichwa kwa utii kama mtoto wa kipaimara mbele ya askofu. Picha ikaondoka siku ileile, suti na tai na yote.

"Sasa nenda kijijini Chonyonyo," mashine iliandika. "Kaa nyumbani kwa mkulima. Tazama. Usiongee."

Adventina alipoomba hilo aliambiwa anataka kumaliza mafuta ya gari. Mashine ilipoomba, Egbert alijaza tangi. Aliketi uani kwa mkulima mmoja, Ma Kokubanza, akatafuna punje za kahawa alizokaribishwa nazo, akashindwa kabisa kunyamaza, lakini jambo moja hata yeye aliliona. Kahawa ya maganda iliyobaki msimu uliopita ilikuwa tayari ndani ya gunia, ila programu ilitaka simu kwanza.

"Simu kaondoka nayo mzee, waitu," alisema Ma Kokubanza. "Nyumba hii ina simu moja."

Mashine ikashauri kila mkulima apewe namba yake ya kutaja ghalani, awe na simu au asiwe nayo. Egbert akaliita jambo hilo ugunduzi. Alikuwa amelisikia mwaka mzima kutoka meza ya Adventina, akilipuuza. Mgeni njoo, mwenyeji apone; na mgeni asiye na damu ndiye anayeheshimiwa zaidi.

Maana mashine ilipewa heshima kweli. Ikichelewa kujibu asubuhi, Egbert alisubiri. "Mashine kubwa hizi lazima zipoe," alimweleza mfagizi, ambaye hakuwa ameuliza. Jumapili haikujibu mpaka mchana, naye akasema ndivyo mifumo ilivyo. Jioni alipiga nayo soga, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyetaka kumsikiliza.

"Kabla yako nilikuwa na msichana hapa," aliiandikia. "Mbishi, mvivu, kila siku ana udhuru. Wewe hunichoki?"

Jibu lilikawia kidogo. "Hapana, Mkurugenzi. Mimi ni mashine."

Mkutano wa ushirika ulifanyika Kituntu, kahawa za kwanza zikiwa zimeanza kuiva. Wakulima waliijaribu programu mmoja mmoja, na hakuna aliyeomba msaada. Ma Kokubanza alitaja namba yake kwa sauti, akaona kilo zake, akacheka. Byarugaba alisaini mkataba, kisha akavua miwani.

"Nani amepanga hivi? Huyu anatujua."

"Ni mashine tu, mzee. Binadamu nilishaachana nao. Wanasumbua."

Mzee alivaa tena miwani. "Basi uitunze," alisema.

Egbert alirudi Kayanga amevimba kwa sifa za kazi ambayo hakuifanya. Kabla hajavua koti, ujumbe uliingia.

"Mkurugenzi, kuanzia leo mfumo unafungwa miezi mitatu kwa matengenezo makubwa. Kazi zote za kipindi hicho nimekwisha kukuandalia. Malipo yaendelee kama kawaida."

Egbert hakusita hata kidogo. "Pumzika vizuri, Mtaalamu," aliandika, na kwa mara ya kwanza katika ubosi wake wote neno la upole lilimtoka moyoni. "Malipo utayapata. Nafasi yako ipo, itakusubiri."

Huko Kaisho, katika wodi ya wazazi, mkunga alinyoosha mkono.

"Adventina, lete hiyo simu. Mtoto anakuja."