Moshi Uliokosa pa Kutokea

Fundi alisukuma moshi kwenye mabomba ya petroli, akazima feni ili usipeperuke, kisha akalala chini ya gari na tochi kutazama utatokea wapi. Haukutokea popote. Alimulika kila kiungo, akainuka na vumbi mgongoni.

"Dada, gari hili halina tundu," alimwambia yule mwanamke aliyelileta. "Linadeka tu."

Mwanamke hakucheka. Hii ilikuwa safari ya tatu kwa ugonjwa ule ule. Taa ya njano inawaka, mashine ya fundi inasema mvuke wa petroli unavuja, fundi anatafuta mpaka anachoka, anaizima taa, na baada ya siku chache imewaka tena. Asubuhi hii mumewe alikuwa amesema neno lake la mwisho: gari lisipopona leo, linauzwa.

Hakuwa na haja ya kuongeza lingine. Bila gari, geti la nyumba ile halingefunguliwa tena kwa ajili ya mkewe. Hata sasa lilifunguliwa kwa kazi mbili tu, kumpeleka mama mkwe hospitali na kumpeleka sokoni. Hospitali alikuwepo wifi yake, muuguzi mwenye macho ya kunguru. Sokoni lilikuwepo duka la mumewe. Hapa gereji peke yake ndipo hapakuwa na mtu wao, isipokuwa mlinzi aliyekuja naye.

Mlinzi mwenyewe, mama mkwe, alikuwa kwenye benchi, amelala fofofo. Nyumbani, kijiko kikianguka jikoni, mama mkwe huyu huamka na kuuliza nani huyo. Kila wakitaka kutoka, yeye ndiye wa kwanza kufika nje, akimngoja mkwewe huku amejishikilia ubavuni mwa gari kwa ajili ya magoti yake mabovu. Lakini akifika hapa, nyundo zikigonga mabati kama zimelipwa kwa kelele, usingizi humchukua hata boneti haijafunguliwa.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alikuwa amenong'ona leo pia, akiuweka mkoba pembeni yake bila kufunga zipu. Kisha kidevu kikaangukia kifuani.

Mwanamke alikuwa ametazama. Ndani ya mkoba, juu kabisa, kilikuwepo kitambulisho chake mwenyewe. Mumewe alimkabidhi mama yake akitunze siku ile alipomfuma mkewe akimwambia dada yake kwenye simu kwamba amechoka kupigwa. Mama mkwe alikipokea, akakitia mkobani. Sasa kilikuwa pale, na noti zimekunjwa kando yake, na nyuma ya gereji mlango mdogo ulikuwa wazi, na nje ya mlango makondakta walikuwa wakiita abiria wa mbali. Alitamani kukichukua. Lakini chambo alikijua akikiona, na mama wa yule mwanamume asingeacha zipu wazi bure. Aligeuza uso, kama alivyougeuza safari zile mbili za kwanza.

Fundi alizunguka nyuma ya gari akashika kifuniko cha tangi. Akakifungua, akapapasa mpira wake, akakifunga mpaka kikalia ka, ka, ka.

"Kizima," alisema. "Ila kila mkija nakikuta kimelegea, nakikaza kabla ya kupima. Nilidhani ni uzembe wa kituo cha mafuta. Sasa naona kuna mtu anakilegeza."

Mwanamke alimuuliza kama inawezekana kilegezwe hapa hapa, au njiani. Fundi akatikisa kichwa. Gari hujipima lenyewe taratibu. Kifuniko kikilegezwa leo, taa itawaka baada ya siku kadhaa. Ni mtu wa nyumbani. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada," alisema, akacheka kidogo.

Ni mume wangu, aliwaza mwanamke, nani mwingine? Alitaka gari liuzwe, na alitaka kosa liwe la mke. Akirudi na habari ya kifuniko ataambiwa ni uzembe wake, na uzembe wake ulikuwa na malipo aliyoyajua vizuri mwilini.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa. Alisema kikifungwa hivyo taa haitawaka tena, na hawatakuwa na sababu ya kurudi. Alidhani anampa habari njema. Mwanamke alimshukuru.

Alikwenda kwenye benchi, akaketi karibu na mama mkwe, akamgusa bega.

"Mama, twende. Gari limepona."

Mama mkwe hakufumbua macho. Mkono wake tu ndio uliosogea, ukiusukuma mkoba pole pole juu ya ubao mpaka ukagota kwenye paja la mkwewe.

"Mara tatu nimekilegeza kifuniko kile na vidole vyangu hivi vibovu, na mara tatu nimelala hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda, mwanangu, kabla sijaamka."