Kompyuta ya Nguchiro Iliyojibu Upesi

Palikuwa na Nguchiro mmoja, haraka tupu, aliyekuwa na kompyuta ya mezani ya kukadiria mafuriko ya mto. Wanyama walipolalamika kuwa inachelewa kujibu, aliongeza kasi ya prosesa, ubongo wake wa hesabu, na ya kumbukumbu kwa mkupuo mmoja.

Nungunungu, asiyejua kupamba maneno, akamwambia, "Punguza. Panda kidogo kidogo, na kila ukipanda ipe hesabu ambayo jibu lake tunalijua."

"Hesabu ya nini, bwana? Iguse! Baridi kama pua ya mbwa."

"Sijakuuliza joto. Kumbukumbu ikikimbizwa mno huchanganya tarakimu bila mashine kuzimika, na kwa macho huoni kitu."

"Wivu tu huo," Nguchiro akacheka.

Mvua ikaanza kule milimani. Fuko, mama wa vichanga ambao hawajafumbua macho, akaja mbio. "Kaka Nguchiro, niwahamishe wanangu? Njiani kuna mwewe."

Kompyuta ikajibu hata kabla Fuko hajavuta pumzi: maji hayatafika shimoni.

"Umeona? Kaa kwako utulie, dada."

Fuko akatulia, akatoka kutafuta minyoo. Maji yakafika.

Jioni alikuwa bado anachimba tope kwa kucha zilizokatika, akiwaita wanawe kwa majina. Nguchiro akasimama kando. "Lakini haikuzimika! Naapa, haikuzimika hata mara moja!"

"Ingezimika," Nungunungu akasema, "mama huyu angehama."

Kisha akainama, akachimba naye.