Moto Chini ya Mialoni

Moto ulikuwa umeshamaliza misonobari ya chini, na upepo wa mchana sasa uliusukuma juu, kwenye mialoni inayotunza chemchemi ya kijiji. Haruli na wanawake wenzake waliupiga kwa matawi mabichi mpaka mikono ikafa ganzi.

"Tuwashe wetu hapa ukakutane na huo, ukose cha kuchoma," Haruli alisema. "Nani ana kiberiti?"

Tangu baraza la msitu lipige marufuku moto, hakuna aliyethubutu kupanda huku na kiberiti wakati wa kiangazi.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akimlaani aliyeuwasha moto huo tangu asubuhi, aliacha kupiga. Vidole vyake vyenye masizi vilihangaika na fundo la sari kiunoni. Humo kikatoka kiberiti, kimelowa jasho.

"Nilitaka nyasi mpya tu, za ng'ombe," alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe laana zote zile ulikuwa unajilaani mwenyewe," jirani mmoja akamwambia.

Haruli alikipokea bila kumtazama. Njiti ya kwanza ilikatika. Ya pili ilizimwa na upepo. Mama mkwe akapiga magoti, akaikinga ya tatu kwa viganja vyake, na majani makavu yaliposhika moto hakuviondoa.