Kaka Yuko Nje

Kitendawili. Sema "tega," usione haya. Nina ukuta hauna mbao wala mawe, kimbunga hakiung'oi, na hata mtoto haurukii. Umeshindwa? Basi nipe mji. Unanipa Nuku'alofa? Nimeupokea, na soko lake lote. Ukuta wenyewe ni heshima ya kaka kwa dada. Kwetu Tonga kaka haingii chumba cha dada yake, hata dada awe anakata roho. Na kaka akiwa karibu anasikia, mambo ya mwili na ya mume hayatajwi.

Siku hiyo mwanamume mmoja alikuwa akifua nazi nyuma ya nyumba ya Seini, ameligeuzia dirisha mgongo, Nesi Lupe alipofika na mkoba wake. Lupe alikuwa nesi wa wagonjwa wasiopona. Aliwafuata majumbani, akawaogesha, akawapa dawa ya maumivu, akawashika mkono.

"Yule nani?" alimuuliza Melenaite, binti wa mgonjwa.

"Amekuja jana. Namsalimu, hasemi. Mjomba huyo, mmoja wa wale wa visiwa vya Ha'apai nisiowajua kwa sura. Nani mwingine atakaa juani na viti viko ndani?"

Lupe akaridhika. Mgeni wa kawaida angeingia. Alitundika shuka dirishani ili kaka asione dada yake akioshwa, akasogeza kitanda mpaka ukuta wa pili.

"Kaka yako yuko nje," alimwambia Seini.

"Yupi? Ninao watatu."

"Yule asiyesema."

"Wote hawasemi." Seini alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mpeni chakula."

Halafu akavuta shuka mpaka shingoni. Siku zote swali lake aliliuliza kwa sauti, nyumba nzima isikie. Sasa alimvuta Lupe karibu, akamnong'oneza sikioni:

"Lisiate amekuja?"

Lisiate alikuwa mumewe. Alikwenda Nyuzilandi kuchuma matufaha, Melenaite bado ananyonya, akapata mwanamke mwingine huko, na habari zake zikakatika. Seini akahama kisiwa, akaja kuishi hapa ambako hakuna aliyemjua mumewe wala aibu yake. Hakumtafutia ugomvi. "Nataka nimwambie nimemsamehe," alisema. "Nisiende na mzigo huu."

"Bado," alijibu Lupe, macho kwenye chupa ya dawa.

Lupe alikuwa ameahidi kumtafuta huyo mume. Alipiga simu mara moja kwa watu wa kanisa kule, wakamwambia kwamba Lisiate kaondoka, hawajui alikoelekea, naye akaishia hapo. Wagonjwa ni wengi, alijitetea moyoni.

Mwanamume yule hakuondoka. Alijaza maji, akapasua kuni, akarudi kukaa chini ya dirisha. Melenaite alimpelekea majimbi na nyama ya kopo, akamtania kama wajomba wanavyotaniwa.

"Mjomba, ukizidi kukaa hapo kuku watakutagia kichwani. Au umekuja kunitafutia mchumba?"

Yeye aliinamisha uso kwenye sahani.

"Amelala vizuri leo, kaka," Lupe alimwambia kila alipotoka, naye alipandisha nyusi tu, maana kwetu ndivyo tunavyosema ndiyo. Siku moja mwanamume alimfuata Lupe mpaka langoni.

"Ameita mtu?" aliuliza.

Lupe aliona haya. Utamtajiaje kaka mambo ya mume wa dada yake?

"Hajaita mtu," alisema.

Ndani, Seini alizidi kunong'ona. Lisiate amekuja? Bado. Mwisho sauti ikaisha, midomo ikawa inasogea tu, na Lupe alijua inasema nini. Jumamosi alasiri ikaacha kusogea. Melenaite akamlalia mama yake kifuani.

Lupe alitoka, akaketi chini kwenye maganda ya nazi mbele ya yule mwanamume, maana habari hiyo kaka hupewa kwa adabu.

"Dada yako amepumzika."

Mwanamume aliweka chini panga la kupasulia kuni. Mikono ilikaa wazi mapajani, kama ya mtu aliyesahau kazi yake.

"Mpaka mwisho hakuita mtu?"

"Nilikudanganya, kaka." Lupe aliona sasa hakuna wa kumsitiri. "Aliita kila siku. Alimtaka mumewe, amwambie amemsamehe. Lakini wewe uko hapa dirishani, jina la mume angelipazaje? Akawa ananinong'oneza mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumtafuta yule mtu vya kutosha."

Mwanamume aliitazama shuka iliyoziba dirisha.

"Mchungaji yuko njiani," alisema Lupe taratibu. "Ataniuliza ni kaka yupi aliyekuwa akimlinda. Nimwambie jina gani?"

"Lisiate," alisema.